Dharura Inayokuja Kila Juni

Ukitaja dharura mjini Kisii, watu wengi watawaza moto sokoni, jengo lililoporomoka, ama lori lililokosa breki kwenye mteremko. Hizo zina king'ora. Kuna mtu wa kupigiwa simu, kuna gari la zimamoto la kusubiriwa, na likichelewa kuna umati wa kulalamika. Mimi nataka kuandika juu ya dharura isiyo na king'ora. Imezunguka milima hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na mwezi wake tunaujua. Ni malaria ya Juni.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina cheti cha udaktari wala cha historia. Lakini nimekulia Nyamira, na nyumbani kwetu miaka ilihesabiwa kwa homa: huyu alizaliwa kabla ya ile malaria kubwa, yule alizaliwa baada yake. Mtoto akikua akisikia kalenda ya aina hiyo, siku moja atataka kujua nani aliiandika.

Tuanze na mlima wenyewe. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 18 hivi, vinakua polepole sana, na mara nyingi mbu hufa kabla havijawa tayari. Ndiyo maana wazee walisema huku juu ni kwa baridi na ugonjwa ni wa kule ziwani. Lakini baridi hiyo ina bei yake. Mtu wa Siaya ama Homa Bay anaumwa na mbu mwaka mzima, na akifika utu uzima mwili wake umeshajifunza kupigana. Sisi hatujajifunza. Mvua ya Machi hadi Mei ikijaza mitaro na mashimo ya matofali kule mabondeni, joto nalo likiongezeka kidogo tu, anayelala kitandani si mtoto peke yake. Ni mtoto, baba, mwalimu, na nesi wa kuwatibu wote.

Milipuko mikubwa ya kwanza kuandikwa kwenye milima ya magharibi mwa Kenya ni ya 1918 na 1919. Si ajabu. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika wakaingia Kisii, wakapigana na Waingereza hapo mjini. Baadaye vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu kubebea jeshi la Waingereza mizigo kule kusini. Wengi hawakurudi. Waliorudi walirudi na vimelea kwenye damu, na mbu wa nyumbani wakawa wanawangoja. Hospitali kuu ya Kisii yenyewe ilianza mwaka 1916 kama kituo cha kutibu askari wa vita hivyo. Yaani taasisi yetu kubwa ya kuokoa maisha ilianza kama jibu la dharura.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilipata silaha mpya. Nyumba zilipuliziwa DDT, na kule Nandi, mwaka 1953 na 1954, watu wengi walipewa vidonge vya pyrimethamine kwa pamoja kabla homa haijapanda. Homa ikatulia milimani kwa miaka mingi, na watu wakasahau. Sasa, kusahau ni sehemu ya historia hii. Ugonjwa ukinyamaza miaka thelathini, hakuna anayetenga pesa za kuungoja.

Ulirudi miaka ya mwisho ya 1980. Upuliziaji ulikuwa umekwisha zamani, na klorokwini, ile dawa chungu ya kila duka, ilikuwa imeanza kushindwa. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu mchango wa hali ya hewa. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ikachukua dawa za kundi la Fansidar, na mwaka 2004 ikaamua kubadilisha tena, safari hii kwa dawa mseto za artemisinin. Katikati ya hapo ndipo ilipopita ile malaria kubwa ya nyumbani kwetu. Kisii na Gucha zilielemewa, na shirika la Uingereza liitwalo Merlin likaja kupulizia nyumba na kugawa neti. Utafiti wa Helen Guyatt na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulipima kazi hiyo: kulala ndani ya neti yenye dawa kulipunguza maambukizi kwa asilimia 63, na kulala katika chumba kilichopuliziwa kwa asilimia 75. Kwa hivyo dawa ya tatizo ilijulikana.

Halafu ukaja mwaka 2002 wenyewe. Homa ilipanda tena Kisii ya Kati, Gucha, Nandi na Kericho, na ikatangazwa dharura. Mwaka uliofuata Simon Hay, Robert Snow na wenzao, wakiwemo Wakenya, walichapisha kwenye jarida la The Lancet uchunguzi wao wa kilichotokea. Kule Nandi na Kericho mvua ilikuwa imepita kiasi, na ule ulikuwa mlipuko kweli. Lakini Kisii ya Kati na Gucha mvua ilikuwa ya kawaida, na homa iliyopanda ilikuwa ile ile ya kila mwaka.

Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Watu wetu walijaa wodini, serikali ikashtuka, wafadhili wakaitwa, na kumbe kilichowashtua ni jambo la kawaida. Hatukuvamiwa na kitu kigeni. Tulikutwa bila maandalizi na mgeni anayepiga hodi kila mwaka mwezi ule ule.

Watafiti hao waliongeza jambo lingine: takwimu za mvua zilitoa onyo kwa wakati, ilhali hesabu ya wagonjwa ya kila mwezi haikutoa tahadhari yoyote ya maana. Inaeleweka. Ripoti ya mwezi ikifika mezani, mwezi umekwisha, na aliyekuwa mgonjwa amepona ama amezikwa. Mwaka 2001 Andrew Githeko wa KEMRI na mwenzake Ndegwa walikuwa wameshaonyesha jinsi ya kutumia joto na mvua kutabiri mlipuko miezi kadhaa mapema. Onyo lilikuwepo. Swali ni nani alikuwa na pesa mkononi siku onyo lilipofika.

Hapo ndipo historia inaingia kwenye karatasi za serikali. Tangu 2013 afya imekuwa mikononi mwa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, ila pesa zake ni za hitaji la haraka na lisilotarajiwa. Malaria ya Juni inatarajiwa. Kwa hivyo mahali pake ni kwenye bajeti ya kawaida. Lakini mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30 Juni na mwingine unaanza tarehe 1 Julai. Homa inafika kileleni pale pale kwenye mshono, pesa za zamani zikiwa zimeisha na mpya hazijafika. Mbu hajui kusoma kalenda ya hazina, lakini ukiangalia utadhani ameisoma.

Wacha niwe mwenye haki. Leo kuna neti za bure, kipimo cha damu cha dakika chache, dawa inayofanya kazi, na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita mlango kwa mlango. Mambo si ya 1999. Lakini kulingana na sensa ya 2019, Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na kila mwaka wa utulivu unaongeza watoto ambao miili yao haijawahi kukutana na ugonjwa huu. Tulishawahi kutulia hivi, na tunajua kilichofuata.

Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Aprili ndio pia mwezi wa mvua kubwa. Siku hiyo ukumbini watu watauliza kuhusu barabara, na ni sawa, hata mimi barabara yetu naijua. Lakini mtu mmoja ainuke aulize swali fupi: dawa na vipimo vya Juni vitalipiwa na pesa za mwaka upi?