Betty Wilson na Siku za St Kilda

Wanawake wa Australia na wa Uingereza walipokutana katika uwanja mkuu wa Melbourne mwanzoni mwa 2025, kuadhimisha miaka 90 tangu Testi ya kwanza ya kriketi ya wanawake, iliyochezwa Brisbane mnamo Desemba 1934, wenyeji walishinda siku ya tatu, na sifa zikawamiminikia vijana wa leo, nazo ni sifa za haki. Lakini si mbali na hapo, katika mtaa wa St Kilda, upo uwanja mwingine ambao, kwa insafu, ulistahili kutajwa siku hiyo kabla ya vyote.

Betty Wilson, binti wa mshona viatu, alizaliwa Melbourne mwaka 1921. Husimuliwa kwamba, akiwa na umri wa miaka 10, aliuokota mpira uliotoka nje wanawake wa Collingwood walipokuwa wakicheza, akaurudisha kwa nguvu iliyowashangaza hata wakamwita ajiunge nao. Alipofika miaka 16 alikuwa akiichezea Victoria. Vita Vikuu vya Pili vikamlia miaka yake ya ujana, hivyo hakuingia Testi ila mwaka 1948, huko Wellington, alikopata mikimbio 90 na wiketi 10. Na mwaka uliofuata, katika mji wa Adelaide, akawa mwanamke wa kwanza wa Australia kufikia mikimbio 100 dhidi ya Uingereza.

Ama habari ya Testi ya Februari 1958 dhidi ya Uingereza, katika uwanja ule wa St Kilda, yataka kusimuliwa kwa utuvu. Siku ya kwanza mvua ilizuia mchezo, na ardhi iliyolowa ikawa fitina kwa kila mpigaji: Mary Duggan, nahodha wa Uingereza, aliwatoa Waaustralia saba kwa mikimbio sita tu, na timu nzima ikaishia 38. Ungedhani mchezo umekwisha. Wilson akashika mpira, naye akawatoa Waingereza saba kwa mikimbio saba, watatu kati yao kwa mipira mitatu iliyofuatana, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijapata kutokea katika Testi za wanawake, na Waingereza wakaanguka kwa 35. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, akarudi na gongo akapata mikimbio 100 kamili, akawatoa wapigaji wengine wanne kwa mikimbio tisa. Waingereza walijikongoja hadi 76 kwa wiketi nane, na mechi ikaisha sare.

Hapakuwa na mtu, mume wala mke, aliyewahi kupata mikimbio 100 katika zamu moja na wiketi 10 katika Testi ile ile. Mwanamume wa kwanza kuyafanya hayo ni Ian Botham, mjini Bombay, mwaka 1980, yaani miaka 22 baadaye.

Aghalabu Wilson huitwa Bradman wa wanawake. Kwa rai yangu, jina hilo, ijapokuwa latolewa kwa heshima, lampunguzia haki yake, kwani Bradman, mchezaji mashuhuri wa Australia, alisifika kwa gongo, na bibi huyu alitawala gongo na mpira pamoja: Testi 11, mikimbio 862 kwa wastani wa 57.46, wiketi 68 kwa wastani wa 11.80.

Alifariki Januari 2010, akiwa na miaka 88. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimwingiza katika orodha yake ya mashujaa mwaka 2015.