Mlima na Njia ya Chini

Kwa miaka mingi nimeisoma historia ya Usambara nikiwa nimekaa kitini, na swali moja halikuacha kunirudia. Ufalme wa Wakilindi ulikaa Vuga kwa vizazi kadhaa, ukiheshimiwa mlimani na hata mbali chini kuelekea pwani. Iweje basi uvunjike katika miaka michache tu baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862? Vitabu hutaja bunduki, biashara ya pembe na watumwa, na ugomvi wa warithi. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo nalo lina haki ya kutajwa, nami sikulifahamu mpaka nilipoizunguka nchi ile kwa baiskeli, siku tano, chakula na blanketi vikiwa vimefungwa kwenye keria. Jambo hilo ni mwinuko.

Mwenye gari hupanda kutoka Mombo hadi Lushoto huku akizungumza na jirani yake. Ni zaidi kidogo ya kilomita 30, na lami imewekwa. Mwenye baiskeli hana nafasi ya mazungumzo. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Tofauti hiyo utaihesabu kwa magoti. Ukiacha lami na kushika njia za changarawe na udongo mwekundu, utashuka mara nyingi na kusukuma mara nyingi zaidi. Bibi mmoja aliyebeba mzigo wa kuni alinipita mahali pa namna hiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, hicho chombo kinakubeba wewe, au wewe ndiye unayekibeba?"

Safari niliianzia Mazinde, na nilipachagua kwa makusudi. Mazinde iko chini, kwenye uwanda, na kutoka hapo hadi Mombo baiskeli ilikwenda yenyewe, upepo masikioni. Kutoka Mombo kupitia Soni hadi upande wa Vuga nilitumia siku nzima iliyobaki, nami nikafika giza likiingia. Usiku ule, miguu ikiuma, nilianza kulipata jibu la swali langu.

Wasambaa wenyewe tangu zamani wameigawa dunia yao sehemu mbili. Iko Shambaai, nchi ya mlimani yenye mvua, migomba na baridi. Na iko nyika, nchi ya chini yenye joto, ukame na homa. Mbegha, mwindaji ambaye masimulizi yanasema alitoka Ungulu, alipewa utawala na watu wa mlimani, na wazao wake wakatawala kutoka mlimani. Kazi ya mfalme ilikuwa kuiponya nchi, yaani kuleta mvua na amani. Mfalme mbaya, au wafalme wawili wanaoshindana, waliiharibu. Krapf alipofika kwa Kimweri mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alimkuta mzee ambaye neno lake lilifika mbali. Vuga ilikuwa mahali pa kupandiwa. Aliyeleta kodi alipanda, aliyeleta shauri alipanda, na yule mwenye nia mbaya naye ilimbidi apande, akionekana kila hatua.

Lakini katika miaka ile ile misafara ya pwani ilikuwa ikizidi kupita bonde la Pangani, chini ya mlima. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, kando ya njia hiyo. Bunduki na baruti zilimfikia yeye kwanza. Baba yake alipofariki, kiti cha Vuga kilikwenda kwa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Semboja akapigana naye hadi akamfukuza.

Hapa pana jambo la kushangaza. Baada ya kushinda, Semboja hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu katika kiti cha mababu, na mwenyewe akabaki Mazinde. Nilipokuwa nikilisoma jambo hili chumbani nililiona kama ukaidi wa mtu mmoja. Baada ya kuupanda mlima ule, naliona kuwa hesabu ya mfanyabiashara. Nani angepandisha pembe na baruti hadi Vuga, kisha aziteremshe tena? Mali ilikuwa inapita chini, nayo nguvu ikaifuata mali. Mlimani palibaki kiti na mila. Walioumia ni wakulima, kwani vita vya wakubwa viliendeshwa kwa kuteka watu, na wengi waliteremshwa kwa njia hiyo hiyo wakauzwa pwani.

Wajerumani walipokuja, nao walikaa na njia ya chini. Mwaka 1895 walimnyonga mfalme Mputa. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Lushoto waliiita Wilhelmstal, wakaifanya mahali pa kupunga upepo, lakini mali iliendelea kuteremka.

Siku ya nne nilifika Mlalo, bonde ambalo nyumba na mashamba yamelizunguka pande zote kama watu waliokaa kusikiliza hadithi. Hapo serikali ya Waingereza ilianzisha mwaka 1946 mpango wa kuzuia mmomonyoko. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na mwenye kukataa aliadhibiwa. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli, sibishi. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na watu waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa watanyang'anywa. Walipinga kwa miaka, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Nilipokuwa nasukuma baiskeli kando ya mashamba yale nilijiuliza kama bwana shamba aliyeandika amri ile aliwahi kushika jembe kwenye mteremko wa namna hiyo, jua la saa sita likiwa kichwani.

Siku ya mwisho nilisimama Mtae, mwisho wa mlima. Chini uwanda wa Mkomazi ulitandaa, na ng'ambo milima ya Upare. Nyuma yangu malori yalikuwa yakipakia kabichi, karoti na viazi kwa safari ya Mombo na Dar es Salaam. Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa akishona magunia, bei inapangwa na nani. Hakuinua hata uso. Alinyoosha mkono wenye sindano akaonyesha kule chini.