Vita ya 1998: nani alilipa jeshi la marafiki?

Wandugu, historia ya vita iliyoanza tarehe 2 Agosti 1998 tunaijua kwa majina ya maraisi na ya makundi ya waasi. Kuna ulizo moja tunaliruka: wale waaskari wa Zimbabwe, Angola na Namibia waliokuja kusimama na Laurent-Désiré Kabila, mishahara yao, chakula yao na mafuta ya ndege zao vililipwa na nani?

Tuangalie Zimbabwe. Hatuna mupaka nayo, lakini ilituma waaskari zaidi ya 10,000. Harare iliambia FMI kwamba vita inakula dola milioni 3 kwa mwezi. Halafu mu 1999 karatasi ya ndani ya serikali ikafika kwa magazeti: dola milioni 166 kwa miezi sita tu. Ni karibu milioni 28 kwa mwezi.

Kinshasa nayo haikuwa na makuta ya kurudisha. Ikalipa na udongo. Wakubwa wa jeshi la Zimbabwe walikuwa na sosiete yao, Osleg. Mu 1999 ikaungana na Comiex ya Kongo, wakazaa Cosleg. Almasi za Mbuji-Mayi, kwenye eneo lililokuwa la MIBA, zikaenda kwa Sengamines. Misitu ikapewa SOCEBO. Hata Gécamines ikawekwa chini ya mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, tangu Novemba 1998 mpaka 2000. Mimi mutu wa agronomia, kinachoniuma zaidi ni mashamba: shirika la kilimo la serikali ya Zimbabwe liliahidiwa hektari 500,000 Katanga. Ni zaidi ya mara kumi ya kisiwa cha Idjwi!

Kuna wenye kusema: bila wao Kinshasa ingeanguka mu Agosti 1998. Ni kweli, na mwenye kukusaidia ana haki ya kulipwa. Shida ni namna ya kulipa.

Japani pia inalipia jeshi la mugeni. Tangu 1978 inabeba sehemu ya gharama ya kambi za Amerika, na tangu 1987 kuna mukataba wa pekee wenye mwisho: ukiisha, wanaongea tena na unapita bungeni. Watu wananungunika, zaidi Okinawa, lakini kiasi wanakijua.

Kwetu? Mu Oktoba 2002 wataalamu wa ONU waliandika kwamba, kwa miaka mitatu, wakubwa wa Kongo na wa Zimbabwe walitoa mali ya dola bilioni 5 hivi kwenye madini ya Serikali, wakaipeleka kwa sosiete za watu binafsi. Hazina ya inchi haikupata kitu. Kumbe deni la inchi moja kwa ingine liligeuka biashara ya watu wachache, na wenye kusaini walikuwa pia ndugu zetu.

Mu Novemba 2022, wakati Wakenya walikuja Goma, bunge la Nairobi liliombwa shilingi bilioni 4.4 kwa miezi sita. Mukenya wa kawaida alisoma ile hesabu kwenye gazeti.

Wenzetu wa sheria na wa ekonomi, mutusaidie hapa: jeshi la rafiki likiingia tena, ni kwa njia gani bunge letu linaweza kuona fakitire mbele mashamba na migodi havijatolewa?