Coastal Union na Safari za Wachezaji Wake

Coastal Union ni klabu ya mpira wa miguu ya jiji la Tanga, iliyoanzishwa mwaka 1948. Makao yake yako Barabara ya 11, katika mitaa ya Ngamiani ambako barabara huitwa kwa namba, na uwanja wake wa nyumbani ni Mkwakwani, mali ya Chama Cha Mapinduzi. Washabiki na watangazaji huiita Wagosi wa Kaya. Mgosi, kwa Kisambaa na Kibondei, ni mwanamume. Kaya ni nyumbani. Basi hao ni wanaume wa nyumbani, na jina limekaa vizuri mdomoni mwa mtu wa Tanga, awe wa Pongwe, wa Muheza au wa Korogwe. Lakini anayetaka kuielewa klabu hii atafute walioondoka. Mchezaji wa Coastal akishang'aa, nyumbani hakai sana.

Tanga ni mji wa bandari, reli na mkonge. Ulikuwa na fedha zake na starehe zake, na mpira ulikua humo sambamba na dansi na taarabu. Jirani wa Coastal ni African Sports, Wana Kimanumanu, na siku timu hizo mbili zinapokutana Mkwakwani mji hugawanyika kama Dar es Salaam inavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Tofauti ni kwamba Tanga mashabiki wa pande mbili aghalabu ni watu wa nyumba moja, na wengi wao, wakishamaliza kubishana juu ya Coastal na Sports, huanza kubishana upya juu ya Simba na Yanga. Huko ndiko unakoanzia mtihani wa mchezaji wa hapa. Anayemshangilia Jumamosi moyoni ana timu nyingine ya Kariakoo, na kijana mwenyewe amekulia katika nyumba hiyohiyo.

Kilele cha klabu ni mwaka 1988, Coastal ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Haijautwaa tena. Ili uzito wa jambo hilo uonekane, inafaa kukumbuka kwamba tangu Mtibwa Sugar ibebe ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni Azam pekee, msimu wa 2013/14, iliyowahi kuupokonya kutoka mikononi mwa Simba na Yanga. Kwa mji wa mikoani, kombe la 1988 si la kusimuliwa juujuu. Wazee wa Ngamiani wana haki ya kulitaja kila wanapokaa kwenye kahawa, na wanalitaja.

Baada ya hapo timu ilikuwa ikipanda na kushuka. Pigo kubwa lilikuja msimu wa 2015/16. Ligi Kuu ilikuwa na timu tatu za mkoa wa Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Timu tatu zilitakiwa kushuka daraja, na zilizoshuka ni hizohizo tatu. Mkoa mzima ulibaki bila timu ya Ligi Kuu kwa mkupuo mmoja. Kwa mchezaji, kushuka daraja hakuishii kwenye msimamo wa ligi. Mikataba huvunjwa, kamera za televisheni huondoka, na aliyekuwa akiangaliwa na nchi nzima hurudi kwenye viwanja ambavyo mgeni wake mkubwa ni diwani. Mwenye bahati huchukuliwa haraka, kama kiungo Juma Mahadhi aliyekwenda Yanga mwaka huohuo wa 2016. Wengine hubaki kulivuta gari kutoka matopeni.

Gari lilitoka mwaka 2018. Coastal ilirudi Ligi Kuu pamoja na timu nyingine tano, maana ligi ilikuwa ikipanuliwa kufikia timu 20, na ikarudi na kelele za ziada kwa kumsajili mwanamuziki Ali Kiba. Magazeti yalimwandika sana Kiba. Kwa maoni ya makala hii, kilichostahili kuandikwa zaidi ni safu ya ulinzi iliyokuwa ikijengwa nyuma chini ya kocha Juma Mgunda, mshambuliaji wa Coastal wa miaka ya 1980 aliyerudi kuifundisha timu yake.

Matunda yalionekana mwaka 2020, na yalichumwa yote kwa dirisha moja la usajili. Mabeki wa kati wawili waliokuwa wakicheza bega kwa bega, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame, waliagana: Mwamnyeto akaenda Yanga, Ame akaenda Simba. Mshambuliaji Ayoub Lyanga akaenda Azam. Vigogo watatu wa nchi, kila mmoja akaondoka na mtu wake kutoka timu moja ya Tanga. Hakuna shahada nyingine ya ubora ambayo klabu ya mikoani ingeweza kupewa, na hakuna pigo la kiufundi kubwa kuliko hilo. Mgunda alianza msimu uliofuata kama mtu aliyeng'olewa nguzo za nyumba akaambiwa paa lisianguke.

Kati ya hao, safari ya Mwamnyeto ndiyo iliyofika mbali. Alipewa kitambaa cha unahodha Yanga na akawa nahodha wa kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger ya Algeria. Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Kijana wa Tanga alikaribia kulinyanyua kombe la Afrika kwa bao moja tu. Ame hakupata nafasi ya namna hiyo Simba. Mabeki wawili waliokuwa wakilala kambi moja na kula sahani moja waligawanywa na usajili mmoja, na yaliyowapata baadaye hayafanani. Hilo linapaswa kumtia tahadhari kila anayemwambia kinda asaini haraka kabla nafasi haijapita.

Mchezo unaopaswa kukumbukwa kuliko yote ya miaka ya karibuni ulipigwa tarehe 2 Julai 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports, Coastal dhidi ya Yanga iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi bila kupoteza mchezo. Abdul Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Sopu, alitangulia kufunga. Yanga ikarudi kwa Feisal Salum na Heritier Makambo, na wengi wakadhani yamekwisha. Sopu akasawazisha. Dakika 30 za nyongeza zikaanza, Sopu akafunga tena, la tatu lake na la tatu la timu. Coastal ilikuwa mbele 3-2 na kombe lilianza kunukia mkonge. Denis Nkane akaisawazishia Yanga, na kwenye mikwaju ya penalti Yanga ikashinda 4-1. Mtu mmoja alifunga mabao matatu katika fainali akarudi Tanga bila kombe. Ni mara chache mno mshambuliaji amefanya kazi kubwa hivyo kwa timu ndogo na kulipwa kidogo hivyo. Muda si mrefu Sopu naye akasajiliwa na Azam.

Safari hii hata kocha hakusalia. Septemba 2022 Simba, baada ya kuachana na kocha wake Zoran Maki, ilimwita Mgunda kushika timu. Aliifunga Nyasa Big Bullets ya Malawi nyumbani na ugenini, akaifunga Primeiro de Agosto ya Angola nyumbani na ugenini, na akaifikisha Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Alifanya hayo kwa maarifa aliyoyapata akiijenga upya timu inayoporwa wachezaji kila mwaka.

Hapa panafaa kulinganisha na Uingereza, kwa kuwa vijana wengi wa pwani wanaijua ligi ya huko kupitia madaraja ya juu tu. Uingereza ina klabu 92 katika madaraja yake manne ya juu, na chini yake kuna daraja la tano lenye wachezaji wengi wa kulipwa. Mtu anaweza kucheza miaka 15 asikanyage Ligi Kuu hata siku moja, na bado mpira ukamlisha. Mfano wa pwani yetu ni Adi Yussuf, mshambuliaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1992 na kulelewa kisoka na Leicester City. Hakupata nafasi timu ya kwanza ya Leicester. Akazunguka Burton Albion, Lincoln City, Oxford City, Mansfield Town, Barrow, Solihull Moors na Blackpool, na katikati ya hizo akatolewa kwa mkopo huku na kule. Oxford City na Solihull zilikuwa chini ya yale madaraja manne. Hata hivyo mwaka 2019 aliitwa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, kwa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, akitokea msimu wake wa Solihull. Baada yake akaja Haji Mnoga, aliyezaliwa Portsmouth mwaka 2002, akaingia timu ya kwanza ya mji wake akiwa bado mtoto, akapitia mikopo mingi na kuhamia Salford City mwaka 2024. Naye ameichezea Taifa Stars.

Mchezaji wa Tanga hana ngazi nyingi hivyo. Chini ya Ligi Kuu kuna Championship, ile iliyoitwa Ligi Daraja la Kwanza, na chini yake riziki hupungua kwa kasi. Fedha za televisheni zimesaidia. Mei 2021 shirikisho la soka nchini, TFF, na Azam Media zilisaini mkataba wa miaka 10 wa Sh bilioni 225.6, na kwa klabu ya mikoani mgawo huo una maana kubwa kuliko mapato ya mlangoni. Lakini bado mchezaji wa Coastal anapoangalia juu anaona milango mitatu tu, yote iko Dar es Salaam. Akiingia na kukosa namba, hushuka. Coastal imewapokea pia wanaoshuka: mwaka 2013 iliwasajili Haruna Moshi "Boban" na Juma Nyosso, majina yaliyokuwa yametamba Simba, na vijana wa Tanga wakapata kufanya mazoezi na watu waliokuwa wakiwatazama kwenye televisheni. Kwa mchezaji chipukizi, hilo ni darasa ambalo halilipiwi ada.

Msimu wa 2023/24 ulikuwa mzuri kuliko yote tangu kurudi. Chini ya kocha David Ouma kutoka Kenya, Coastal ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba, na kipa wake Ley Matampi, Mkongomani, alimaliza msimu akiongoza kwa michezo bila kufungwa, 15. Klabu ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Raha hiyo haikudumu. Ilifungwa 3-0 Luanda na Bravos do Maquis, na mchezo wa marudiano, uliochezwa Dar es Salaam, ukaisha 0-0. Wakati huohuo Simba ilikuwa imemtangaza beki Lameck Lawi kuwa mchezaji wake mpya, Coastal ikapinga kwamba makubaliano hayakutimizwa, na shauri likafika TFF. Mara hii Tanga haikuachia, na Lawi akabaki msimu ule akiwa na Wagosi. Wapo waliosema klabu imemzibia kijana njia. Kwa upande wa makala hii, klabu inayomlea mtu ina haki ya kusimamia karatasi zake, na kama ingefanya hivyo mapema, huenda mavuno ya 2020 yangeacha zaidi nyumbani.

Msimu huo wa 2024/25 Coastal ilicheza michezo yake kadhaa ya nyumbani nje ya Tanga, Mkwakwani ukiwa hautumiki. Tarehe 1 Machi 2025 iliikaribisha Simba Arusha, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, palepale Sopu alipofunga mabao yake matatu. Mabao matatu yakafungwa tena na mtu mmoja, ila safari hii alikuwa Steven Mukwala wa Simba, na Wagosi wakafungwa 3-0.