Matairi ya mwendo kasi

Matairi ya mwendo kasi ni matairi yaliyoundwa kwa ajili ya magari ya michezo na magari mengine yenye injini ya nguvu. Kazi yake ni kushika barabara vizuri wakati wa kukata kona, kufunga breki na kuongeza mwendo, hasa kwenye lami. Kwa kawaida ni mapana, yana ubavu mfupi na mpira laini kuliko matairi ya kawaida.

Sifa hizo zina gharama yake. Mpira laini huisha mapema, na ubavu mfupi hauwezi kupokea pigo la shimo kama ubavu mrefu. Kwa hiyo tairi linalofaa si lile lenye herufi ya mwendo mkubwa kuliko yote, bali ni lile linalolingana na gari, mzigo, joto na barabara ambako gari linatumika. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika maeneo yenye mchanganyiko wa lami na changarawe, kama Bariadi na sehemu nyingine za Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania.

Historia

Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 namna ya kuimarisha mpira kwa kuupasha moto pamoja na salfa. Robert William Thomson, mhandisi wa Uskoti, alipata hataza ya gurudumu la upepo katika miaka ya 1840, lakini tairi la upepo lilienea baada ya John Boyd Dunlop kulitengeneza upya huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli.

Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hataza ya tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kufunikwa kwa mikanda ya chuma chini ya kashata. Muundo huo hupunguza joto na kuliacha tairi likanyage barabara kwa upana wake wote. Leo karibu matairi yote ya magari madogo ni ya radiali.

Nchini Tanzania kiwanda cha General Tyre mjini Arusha kilitengeneza matairi kuanzia miaka ya 1970 hadi kiliposimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo soko limetegemea matairi kutoka nje, hasa Asia. Hivyo mnunuzi anahitaji zaidi kujua kusoma maandishi yaliyo kwenye tairi lenyewe.

Kusoma ubavu wa tairi

Kila tairi lina maandishi ubavuni. Mfano wa kawaida ni 205/55 R16 91V:

- 205 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 55 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana. Hapa ni asilimia 55 ya 205, yaani karibu mm 113.
- R huonyesha kwamba tairi ni la radiali.
- 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
- 91 ni namba ya uzito. Tairi lenye 91 huruhusiwa kubeba hadi kg 615.
- V ni herufi ya mwendo.

Herufi za mwendo hutaja mwendo wa juu ambao tairi zima, lenye upepo na mzigo sahihi, limejaribiwa kuuhimili: Q ni km 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Herufi hiyo si ruhusa ya kukimbiza gari. Nchini Tanzania mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni km 50 kwa saa. Faida ya herufi ya juu kwa dereva wa kawaida ni kwamba tairi limejengwa kuvumilia joto zaidi. Haipendekezwi kufunga tairi lenye namba ya uzito au herufi ya mwendo iliyo chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Tarehe ya kutengenezwa husomwa kwenye tarakimu 4 za mwisho za mfululizo unaoanza na herufi DOT. Tarakimu 3522 humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka hata usipotumika: hukauka, hukakamaa na kupata nyufa, na jua kali huharakisha hali hiyo. Watengenezaji kadhaa wa matairi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisitumike baada ya miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Kushika barabara na kudumu

Sehemu ya kila tairi inayogusa barabara haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Kwa mwendo wa km 100 kwa saa gari hupita karibu mita 28 kila sekunde, na nishati ambayo breki na matairi vinapaswa kuizima ni mara 4 ya ile ya km 50 kwa saa. Hivyo tofauti ndogo ya ubora wa mpira inaweza kuamua kama gari litasimama kabla ya ng'ombe aliyeingia barabarani au baada ya kumgonga.

Matairi mengi huwa na namba ya kulinganisha uchakavu iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani. Matairi ya michezo yenye mpira laini sana huwa na namba karibu na 200, na matairi ya safari ndefu huweza kuzidi 500. Namba kubwa huashiria kwamba tairi litadumu zaidi, lakini mara nyingi hupatikana kwa kupunguza ulaini wa mpira. Karibu nayo huwa na herufi mbili: ya kwanza kwa kusimama kwenye lami yenye maji (AA, A, B, C) na ya pili kwa kuvumilia joto (A, B, C). Kwa nchi ya joto, A katika herufi ya pili ni muhimu.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha karibu mm 8. Mifereji kati ya kashata huondoa maji. Ikijaa au ikiisha, gari huelea juu ya maji na usukani hupoteza nguvu. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira vyenye kimo cha mm 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Tairi lililofikia hapo huitwa kipara.

Upepo na joto

Upepo mdogo ni sababu kubwa ya tairi kupasuka. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja sana kila linapozunguka, mkunjo huzalisha joto, na joto hutenganisha mpira na nyuzi zake. Hatari huongezeka gari likiwa na abiria wengi na mzigo kwenye buti, likikimbia mchana kwenye lami yenye joto.

Kiasi sahihi cha upepo huandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Kwenye magari yaliyoagizwa kutoka Japani kibandiko huwa kwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 220 kPa ni sawa na psi 32 hivi. Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Kupunguza upepo wa tairi lililopata moto njiani ni kosa, kwa sababu likipoa litabaki na upepo pungufu.

Tairi likipasuka katika mwendo, dereva hushauriwa kushika usukani kwa nguvu na kuliweka gari katika mstari wake, kuachia mafuta taratibu, na kutokanyaga breki kwa ghafla.

Matumizi katika Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake ni Bariadi. Barabara yake kuu ya lami huanzia Mwigumbi mkoani Shinyanga, hupita Maswa na Bariadi, na kufika Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Vipande vyake ni Mwigumbi–Maswa (km 50.3), Maswa–Bariadi (km 49.7) na Bariadi–Lamadi (km 71.8), jumla km 171.8. Barabara nyingi nyingine za wilayani ni za changarawe au udongo, na udongo mweusi wa mbuga hugeuka utelezi wakati wa mvua.

Magari ya michezo yanayoonekana katika eneo hili ni hasa yaliyotumika Japani, kama Subaru Impreza na Toyota Altezza. Mambo matatu huwahusu wamiliki wake.

Kwanza ni ukubwa wa rimu. Wengi hupenda kubadilisha rimu za inchi 16 na kufunga rimu za spoti za inchi 18. Tairi la 225/40 R18 lina kimo cha jumla karibu sawa na 205/55 R16, lakini ubavu wake ni mm 90 badala ya 113. Mpira unaoikinga rimu dhidi ya shimo au jiwe hupungua kwa mm 23. Kwa gari linaloacha lami mara kwa mara, rimu ndogo yenye tairi la ubavu mrefu ni salama na hudumu zaidi.

Pili ni matairi ya theluji. Baadhi ya magari hufika yakiwa na matairi ya majira ya baridi ya Japani, ambayo mara nyingi huwa na herufi ya mwendo Q na mikato mingi myembamba kwenye kashata. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye joto hulainika mno, huisha haraka na hurefusha umbali wa kusimama.

Tatu ni magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, yakiwemo mengi ya Subaru. Matairi yake manne yanapaswa kuwa ya aina moja na uchakavu unaolingana, kwani tofauti ya mzunguko huchosha gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kwa gari la magurudumu mawili, matairi mawili mapya hushauriwa kufungwa nyuma, ili gari lisizunguke kwenye lami yenye maji.

Fundisho la mbio za Safari

Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia lililosifika kwa uimara. Tangu mbio hizo ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari hukimbia kwa matairi maalumu ya changarawe: ubavu wake ni mrefu na umeimarishwa, na kashata zake ni nene. Hata kwa magari ya kasi namna hiyo, tairi la lami lenye ubavu mfupi halitumiki kwenye mawe.

Mambo ya kukagua wakati wa kununua

- Ukubwa, namba ya uzito na herufi ya mwendo vilingane na maagizo ya gari.
- Tarehe ya kutengenezwa isiwe ya zamani, hata kama tairi halijatumika.
- Ubavu usiwe na uvimbe, nyufa wala mkato.
- Tairi la mtumba likaguliwe pia kwa ndani. Alama ya kiraka ubavuni hulifanya lisifae kwa mwendo kasi.
- Mshale wa mzunguko, kama upo, uelekee mbele.
- Baada ya kufunga, magurudumu yapimwe mzunguko na mnyooko, kwani gari lililopinda hula tairi upande mmoja.
- Tairi la akiba lijazwe upepo na kukaguliwa tarehe kama mengine.

Tazama pia

- Gurudumu
- Mpira (mata)
- Usalama barabarani
- Mkoa wa Simiyu