Marejea: mbolea iliyoota Songea, na kwa nini wengi waliiacha

Kila msimu ukikaribia naulizwa, "Bwana shamba, mbolea mwaka huu bei gani?" Kabla ya kukimbilia bei, turudi nyuma kidogo, maana wenzetu wa Ruvuma walishabanwa na swali hili.

Miaka ya 1970 serikali iliweka nguvu kwenye mahindi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, mbolea ikauzwa kwa ruzuku, na bei ya mahindi ikawa moja nchi nzima. Fikiria: mkulima wa Songea alilipwa sawa na wa jirani na Dar es Salaam, wakati usafiri peke yake ungemmaliza. Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa zikawa ghala la taifa. Lakini watu walizoea kupanda mahindi juu ya mahindi, mabua yanachomwa, na mfuko wa SA unaziba pengo. SA ikitumika miaka mingi peke yake huongeza tindikali kwenye udongo. Mahindi yanakuwa ya njano hata ukiongeza mbolea.

Miaka ya 1980, kwenye misheni ya Wabenediktini ya Peramiho iliyoanzishwa mwaka 1898, Padre Gerold Rupper alianza kuipigia debe marejea. Mmea wenyewe haukuletwa na meli. Ni wa Afrika. Kenya magharibi wanaita mitoo na majani yake ni mboga. Una maua ya njano, unampita mtu kwa urefu, na ukiung'oa utaona vinundu kwenye mizizi. Ndani yake mna bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani na kumpa mmea. Jambo hilo lilithibitishwa na Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, mwaka 1886, ingawa wakulima walijua zamani kwamba shamba lililotoka kunde huzaa vizuri. Hata jina marejea linakubaliana na kazi yake: rutuba inarejea.

Kisha mambo yakabadilika. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 ruzuku ilikuwa imeondolewa. Kwa aliye mbali na bandari kama Songea, mfuko wa mbolea ukawa ghali na mahindi yakawa rahisi. Ungedhani hapo ndipo kila shamba lingejaa marejea.

Haikuwa hivyo, na mimi siwalaumu wakulima. Mwenye ekari mbili hawezi kuacha moja ilale na maua msimu mzima huku watoto wanataka ugali. Shina likikomaa ni gumu, na kulifukia kwa jembe la mkono ni adhabu. Mbegu yake haina mnunuzi wa uhakika. Ruzuku iliporudi, kwa vocha mwaka 2008 na tena mwaka 2022 bei ilipopanda duniani, marejea ikasahaulika zaidi. Sisi maafisa ugani tulikuwa tunahimiza zao la udongo bila kumwambia mkulima atakula nini.

Wewe mfanyabiashara utasema, basi tulime mbaazi, inarutubisha na inauzwa. Ni kweli, na majani yake yanayopukutika ni mbolea nzuri. Ila kumbuka mwaka 2017 India ilipozuia kuingiza mbaazi, bei ikaanguka na magunia yakabaki ndani. Udongo ulifaidika, mfuko haukufaidika. Usiweke ekari zote huko.

Ninachopendekeza ni hiki. Usitenge shamba. Mwaga marejea katikati ya mistari ya mahindi baada ya palizi ya pili. Yatakuwa yameshatangulia na hayatazidiwa. Ukivuna mahindi, marejea inaendelea na unyevu uliobaki. Ikate inapotoa maua, shina likiwa bado laini, uilaze juu ya udongo kama matandazo au uifukie. Kama una ng'ombe, panda fiwi (wengine huita ngwara) upande mmoja upate malisho. Usiwape mifugo mmea wowote unaofanana na marejea ambao huujui, kwa sababu baadhi ya ndugu zake ni sumu.

Na usinielewe vibaya kuhusu duka la pembejeo. Marejea inaleta naitrojeni, haileti fosforasi. Bado utahitaji DAP au Minjingu wakati wa kupanda; unachopunguza ni ile ya kukuzia. Anza na robo ekari, na acha mstari mmoja ukomae kabisa, kwa sababu mbegu hii ni nadra kuikuta dukani.