Wembe, Jicho na Sikio: Ukataji wa Sauti kwa Asiyeona

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kutiwa sauti katika santuri. Kundi lake lilikuwa na mpigaji asiyeona, Mbaruku Effandi Talsam. Siku zile hapakuwa na kukata. Kosa likiingia katika nta, wimbo ulianzwa upya. Mbele ya chombo kile mwenye macho hakuwa na la zaidi.

Utepe wa sumaku, ulioonyeshwa Berlin mwaka 1935, ndio ulioleta wembe. Fundi aliyazungusha magurudumu kwa mkono, polepole, hata sikio likapata mwanzo wa neno. Akatia alama, akakata, akaunga. Kazi ya vidole na masikio, ambayo kipofu aliiweza. Kompyuta ndiyo iliyomtoa, kwa kuigeuza sauti kuwa mchoro wa mawimbi juu ya kioo. Hayo yaliitwa maendeleo, na kwa wenye macho yalikuwa kweli.

Audacity ilitokea mwaka 2000, nayo hupatikana bure. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuunda NVDA, programu isomayo kwa sauti yaliyo juu ya skrini, bure pia; ndani yake imo eSpeak, yenye sauti ya Kiswahili.

Jambo hili lawahusu wachunguzi wa lugha. Ruaruke ni kata ya Wilaya ya Kibiti, katika nchi ya Rufiji inayosemwa Kindengereko, lugha ambayo Eva-Marie Ström aliiandikia tasnifu mwaka 2013 na ambayo vijana wanaiacha kwa Kiswahili. Masimulizi ya wazee yakinaswa, hayana budi kukatwa kwa uangalifu, maana katika lugha za Kibantu nomino hubeba ngeli yake kichwani: "kitoto" kikipunguzwa silabi moja huwa "toto", na kidogo kimekuwa kikubwa.

Basi mkusanyaji asiyeona haulizi uzuri wa programu. Huuliza kama mpaka wa kipande waweza kuwekwa kwa kitufe huku sauti ikienda. Audacity hufanya hivyo kwa vitufe viwili vya mabano, nayo yatosha kwa anayeanza. Reaper, ya mwaka 2006, ikiongezewa OSARA hutamka mahali alipofika msikilizaji. Lakini hulipiwa, na kujifunza kwake ni kurefu. Hata hivyo kukata kwake hakuligusi faili la asili, na mzee aliyesimulia huenda asipatikane tena kurudia.